Mwaka wa Kwanza Chuoni: Namna ya Kupanga na Kufundisha Kozi Isiyomwacha Mwanafunzi Njiani

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo hujitahidi kuwapokea wanafunzi wapya. Kuna wiki ya utambulisho, kuna hotuba, kuna kuzungushwa maktaba na zahanati, kuna fomu za kujaza. Kisha wiki ile inakwisha na masomo yanaanza kana kwamba kila aliyeingia ukumbini anajua tayari kusoma makala ya kitaaluma, kuandika maelezo huku mhadhiri anazungumza, na kujipangia saa zake mwenyewe. Shida hujitokeza baadaye, karibu na wiki ya nne au ya tano, kazi za kwanza zinapodaiwa kwa mkupuo. Wakati huo wenyeji wamekwisha kutawanyika.

Msimamo wangu ni kwamba msaada kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza lazima ukae ndani ya kozi zenyewe. Mshauri nasaha, kituo cha uandishi na warsha za jioni ni huduma njema, ila huwafikia zaidi wale wanaojua kwamba wana shida na wenye ujasiri wa kuisema. Darasani ndiko wote wanakopita. Mwaka 1975 Vincent Tinto, mtaalamu wa sosiolojia ya elimu kutoka Marekani, alieleza kuwa mwanafunzi haachi chuo kwa sababu ya uwezo wake tu. Inategemea sana kama amejipatia nafasi katika maisha ya kitaaluma na ya kijamii ya chuo. Sasa mfikirie mwanafunzi anayeishi mbali na chuo, au anayefanya kazi, au anayelea mtoto. Kwake yeye maisha hayo yote mawili yamo katika zile saa chache anazokaa mbele yako.

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa mfuatano wa muhula. Tatu za mwanzo huandaliwa kabla wanafunzi hawajafika.

Hatua ya 1: Chunguza wanakuja na nini

Chukua karatasi za majibu za mtihani wa mwaka uliopita na uzisome upya bila kutoa alama. Tafuta mahali wengi walipokwama. Je, ni dhana ya somo, au ni jambo ambalo hukulifundisha kwa kudhani wanalijua? Katika kozi nyingi jibu ni hilo la pili. Mwanafunzi wa uchumi ameshindwa kusoma grafu. Mwanafunzi wa historia ameeleza tukio vizuri lakini hajui kwamba aliombwa atoe hoja. Wa biolojia amekariri hatua zote na hakuweza kusema nini kingetokea hatua moja ikiruka.

Pitia pia mtaala wa shule wanakotoka. Wahadhiri wengi hukumbuka mtaala waliousoma wao wenyewe, na huo huenda umebadilika. Kisha andaa jaribio fupi la utambuzi, maswali kumi hivi, lisilo na alama, la kufanywa katika wiki ya kwanza. Waambie wanafunzi kwamba jaribio hilo ni la kukupima wewe uanzie wapi. Ukishapata majibu yatumie: wiki inayofuata sema waziwazi, “Wengi mmeonyesha kwamba uwiano na asilimia vinawachanganya, kwa hiyo leo tutaanza na hapo.” Jaribio la utambuzi ambalo matokeo yake hayabadilishi kitu ni afadhali lisifanywe kabisa.

Hatua ya 2: Kaeni pamoja mnaofundisha wanafunzi walewale

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchukua kozi nne, tano au sita kwa wakati mmoja. Kila mhadhiri ameipanga yake peke yake, na kila mpango ukiutazama peke yake ni wa busara. Ukiziweka meza moja ndipo unaona kwamba insha, ripoti ya maabara na majaribio mawili vimeangukia wiki ileile ya saba, na kwamba wiki tano za kwanza zimepita bila mwanafunzi kuandika chochote kilichosomwa na mtu.

Kutaneni kwa saa moja. Chukueni karatasi kubwa, chora safu ya wiki zote za muhula na mstari mmoja kwa kila kozi, kisha kila mtu ajaze kazi zake, majaribio yake na usomaji mzito alioupanga. Sogezeni kinachogongana. Hakuna anayelazimika kupunguza hadhi ya somo lake. Mara nyingi kusogeza kazi kwa siku nne kunatosha.

Mkiwa hapo hapo, jibuni swali la pili: nani anafundisha nini kuhusu namna ya kusoma chuoni? Kunukuu vyanzo, kusoma makala, kuandika aya yenye hoja, kusoma jedwali, kufanya kazi na wenzako. Pasipo makubaliano, kila mmoja hudhani mwenzake ameshughulika na jambo hilo, na mwanafunzi huishia kuadhibiwa kwa wizi wa maandishi kabla hajaonyeshwa hata mara moja namna ya kunukuu. Gawaneni. Mmoja achukue kunukuu katika wiki ya pili, mwingine usomaji wa makala katika wiki ya tatu. Kisha wote mtumie utaratibu uleule wa kunukuu katika mwaka wa kwanza, hata kama idara zenu zina mapendeleo tofauti. Tofauti hizo zitamkuta mwanafunzi mwaka wa pili akiwa amekwisha kujua kwa nini watu wananukuu.

Hatua ya 3: Anzia mwisho, kisha punguza

Andika mambo matano au sita ambayo mwanafunzi anapaswa kuweza kuyafanya kozi ikiisha. Tumia vitenzi vinavyoonekana: kukokotoa, kulinganisha, kutetea hoja, kutambua kosa katika jaribio. “Kuelewa” na “kufahamu” havitoshi, kwa sababu huwezi kuvisahihisha.

Kisha kagua kama ufundishaji na tathmini vinaelekea huko huko. John Biggs, mtaalamu wa elimu, aliandika kuhusu ulinganifu huu mwaka 1996, na wazo lake bado halijazeeka: kinachotamkwa katika malengo, kinachofanywa darasani na kinachopimwa kwenye mtihani viwe kitu kimoja. Ikiwa mtihani unasema “linganisha” na mihadhara yote kumi na minne imekuwa ya kueleza kitu kimoja baada ya kingine, mwanafunzi hajapata hata siku moja ya kufanya mazoezi ya kulinganisha. Atakayefaulu ni yule aliyejifunza kulinganisha kwingineko.

Sasa punguza. Toa mada ambazo hazitumikii lengo lolote kati ya yale matano au sita. Najua uchungu wake. Kila mada ina mtetezi wake, na kila mtetezi ana sababu. Lakini muda wa kumwonyesha mwanafunzi namna ya kusoma, kuandika na kurekebisha kazi lazima utoke mahali, na njia pekee ya haki ni kuutoa katika wingi wa maudhui.

Hatua ya 4: Kipindi cha kwanza kiwe somo

Usikimalize kipindi cha kwanza kwa kusoma mwongozo wa kozi kwa sauti. Fungua na swali halisi la fani yako, lile linalowafanya wataalamu wabishane, na uwape wanafunzi dakika chache walijadili wawili wawili. Watakosea, na ni sawa. Wataondoka wakiwa wamezungumza na mtu mmoja angalau na wameonja kinachowangoja.

Halafu waeleze kwa tarakimu kozi inadai nini. Kwa mfano, katika mfumo wa krediti wa Ulaya, ECTS, krediti moja huhesabiwa kuwa saa 25 hadi 30 za kazi yote, ya darasani na ya nje, na mwaka mzima una krediti 60. Mifumo mingine ina hesabu zake. Chukua hesabu ya chuo chako, igawe kwa wiki mbele yao, toa saa za darasani, na uwaonyeshe zilizobaki. Wengi hushtuka kugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati hakuna mwalimu. Waambie pia saa hizo zinatumikaje: ngapi za kusoma, ngapi za mazoezi, ngapi za kupitia yaliyopita.

Jambo la mwisho siku hiyo ni kusema kwamba kujiona mgeni ni hali ya kawaida na hupita. Linaweza kuonekana dogo. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Marekani walisoma maelezo ya wanafunzi waliowatangulia kuhusu hofu ya kutofaa, na namna ilivyopungua kadiri muda ulivyokwenda. Zoezi lilichukua kama saa moja. Alama za wanafunzi Weusi walioshiriki zilipanda katika miaka mitatu iliyofuata, zikilinganishwa na za wenzao wasioshiriki. Waalike wanafunzi wawili wa mwaka wa tatu waje waeleze walipokwama na walivyojinasua, kwa dakika kumi. Chagua waliohangaika kweli. Mwanafunzi bora wa kitivo ana mambo mengine ya kufundisha.

Hatua ya 5: Kazi ya kwanza iwe ndogo, ije mapema, irudi upesi

Hapa ndipo pa kuweka nguvu. Kazi ya kwanza idaiwe wiki ya tatu, iwe na uzito mdogo katika alama za mwisho, na irudi mikononi mwa mwanafunzi kabla ya kuanza ile ya pili. Mrejesho unaofika baada ya kazi inayofuata kukusanywa hauna wa kumsaidia.

Andika maelekezo yenye mambo matatu: kwa nini tunafanya kazi hii, unatakiwa kufanya nini hasa, na itasahihishwa kwa vigezo vipi. Linganisha maelekezo haya mawili.

La kwanza: “Jadili umuhimu wa takwimu katika utafiti. Maneno 1500.”

La pili: “Soma makala mbili zilizotolewa. Zimetumia takwimu zilezile na kufikia hitimisho tofauti. Kwa maneno 600, eleza tofauti hiyo imetoka wapi, kisha sema ni hoja ipi imekushawishi zaidi na kwa nini. Kazi hii inakupa mazoezi ya kupima hoja ya mtu mwingine, jambo utakalolifanya katika kila insha ya kozi hii. Tutaangalia vitu vitatu: umezieleza hoja zote mbili kwa haki, umeonyesha chanzo cha tofauti, na umetoa sababu ya uamuzi wako.”

Mwanafunzi aliyelelewa na wasomi anaweza kuisoma ile ya kwanza na kukisia unachotaka. Wa kwanza katika ukoo wake kufika chuo hana wa kumuuliza. Maelekezo ya pili yanawaweka sawa bila kurahisisha chochote. Kwa kweli yanadai zaidi.

Kabla hawajaanza kuandika, wape mifano miwili ya majibu, mmoja mzuri na mmoja wa wastani, waisahihishe kwa vikundi wakitumia vigezo vyako. Dakika thelathini za zoezi hili hufanya kazi ambayo kurasa tatu za maelezo haziwezi. Watabishana kuhusu alama, na katika kubishana huko ndiko vigezo vinakoingia akilini. Hapo pia waeleze msimamo wako juu ya programu za akili mnemba: zinaruhusiwa wapi, zinakatazwa wapi, na sababu. Ukinyamaza, kila mmoja atajitungia sheria yake.

Kuhusu mrejesho, jilazimishe kubaki na mambo matatu: kilichofanikiwa, kitu kimoja kikubwa cha kurekebisha, na nini akifanye katika kazi ijayo. Karatasi iliyojaa wino mwekundu humfanya mtu aangalie alama na kuikunja. Na darasa likiwa la mamia? Soma kwanza sehemu ya kazi zote, orodhesha makosa yanayojirudia, andika ukurasa mmoja wa mrejesho wa jumla wenye mifano, kisha kwenye kila karatasi andika namba za makosa yanayoihusu pamoja na sentensi moja yako. Kazi ya pili idai wazi kwamba mwanafunzi aeleze, mwanzoni kabisa, ameutumiaje mrejesho wa ile ya kwanza. Bila dai hilo, wengi hawatausoma.

Hatua ya 6: Gawa mhadhara, na ufundishe kujifunza

Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara ya kusikiliza tu na madarasa ambamo wanafunzi hufanya kitu, katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwenye mihadhara ya kusikiliza tu, kwa wastani asilimia 33.8 ya wanafunzi walifeli. Kwenye madarasa ya kushiriki, asilimia 21.8. Hii haina maana uache kuhadhiri. Gawa muda: zungumza dakika kumi na tano, kisha uliza swali la kufikirisha lenye majibu manne, kila mmoja achague, amshawishi jirani yake, achague tena. Eric Mazur alianza kufundisha fizikia hivyo katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1991, na njia hiyo haihitaji kifaa chochote. Vidole vinne vya mkono vinatosha kuonyesha majibu.

Ukishauliza, nyamaza. Mary Budd Rowe alipochunguza madarasa ya sayansi shuleni aligundua kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kuendelea. Walipofikisha sekunde tatu, majibu yalirefuka na waliojibu waliongezeka. Hesabu kimyakimya. Kimya hicho kitakuwa kizito kwako kuliko kwao.

Wanafunzi wanaweza kulalamika kwamba hujawafundisha. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, wa mwaka 2019, ulionyesha wanafunzi wa fizikia wakijiona wamejifunza kidogo katika darasa la kushiriki, hali mtihani ulionyesha wamejifunza zaidi. Waambie jambo hili mapema, ili ugumu wanaousikia wasiudhanie kuwa dalili ya kushindwa.

Vivyo hivyo na kusoma nyumbani. Wengi wamefika hapo walipo kwa kurudia kusoma daftari. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliokuwa mbele. Basi anza kila kipindi kwa maswali matatu ya kipindi kilichopita, daftari zikiwa zimefungwa. Na walau mara moja weka makala kwenye skrini na uisome mbele yao ukifikiri kwa sauti: unaanzia wapi, unaruka nini, unasimama wapi, unaandika nini pembeni. Wengi hawajawahi kumwona mtaalamu akisoma. Wanadhani anaanza neno la kwanza na kwenda hadi la mwisho.

Hatua ya 7: Vikundi vya kusoma viwe sehemu ya ratiba

Miaka ya 1970, Uri Treisman, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitaka kujua kwa nini wanafunzi wengi Weusi walikuwa wakifeli kalkulasi, somo la hisabati. Maelezo yaliyokuwapo yalikuwa mengi: hawana ari, familia haziwasukumi, maandalizi ni duni. Aliwafuatilia na kukuta maelezo hayo hayasimami. Alichokiona ni kwamba walikuwa wakisoma peke yao, wakati wenzao wenye asili ya China walifanya mazoezi na kisha kukutana, kulinganisha majibu na kukosoana. Alianzisha vikundi vya kazi, na humo hakuweka maswali mepesi ya kufidia udhaifu. Aliweka maswali magumu, na akavitangaza kama fursa. Matokeo ya waliohudhuria yalipanda sana.

Kwa hiyo weka saa ya kikundi ndani ya ratiba rasmi, ili anayefanya kazi jioni asikose. Panga vikundi vya watu wanne au watano wewe mwenyewe, kwa sababu vikijipanga vyenyewe wageni hubaki nje. Usiviite vya “wanafunzi dhaifu”. Jina hilo humfukuza aliyekuwa na haja kuliko wote.

Hatua ya 8: Mtafute aliyetoweka

Ile kazi ndogo ya wiki ya tatu ina faida ya pili: inakuonyesha nani hakuileta. Mwandikie siku mbili baada ya tarehe, kwa jina lake, bila lawama. Kwa mfano:

“Habari yako. Sijaona kazi yako ya wiki ya tatu, na ningependa kujua kama kuna kinachokukwamisha. Bado unaweza kuileta hadi Ijumaa. Ukitaka tuonane, nipo ofisini Jumatano saa nane hadi saa kumi alasiri. Si lazima uje na swali. Kama jambo lenyewe si la masomo, naweza kukuelekeza kwa anayehusika.”

Baadhi hawatajibu. Andika tena mara moja, kisha mjulishe mshauri wa kitaaluma. Uwe na majina na namba za huduma za ushauri nasaha, afya, fedha na makazi karibu nawe, kwa sababu mwanafunzi akikuambia amefiwa au hana pa kulala, kazi yako ni kumsikiliza na kumfikisha panapostahili. Usijigeuze mtabibu.

Kuhusu kuonana ofisini, wengi hudhani ni kwa waliokosea. Ifanye ziara ya kwanza iwe kazi ya kozi: waje watatu watatu, dakika tano, waseme wanatoka wapi kimasomo na wanatarajia nini. Mlango ukishazoeleka, kuuliza si ujinga tena.

Hatua ya 9: Uliza katikati ya muhula, kisha ujibu

Wiki ya sita au ya saba, wagawie karatasi ndogo zisizo na jina zenye maswali matatu: nini kinakusaidia kujifunza, nini kinakukwamisha, na wewe mwenyewe ungebadili nini katika usomaji wako. Kipindi kinachofuata wasomee kwa ufupi ulichokikuta. Taja jambo moja utakalolibadilisha, na jambo moja ambalo halitabadilika pamoja na sababu yake.

Muhula ukiisha, kabla hujasahau, andika ukurasa mmoja: wapi wengi walikwama, kazi ipi ilifanya kazi yake, wiki zipi zilikuwa nzito mno. Nakala moja iweke kwenye jalada la kozi. Nyingine mpelekee mhadhiri atakayewachukua wanafunzi hao mwaka wa pili, ajue wamefundishwa nini kuhusu kunukuu, kusoma na kuandika, na aanzie hapo.